Punda Wangu wa Madaha Mbele ya Mgeni Rasmi

Nilipohamishiwa Ruangwa kuwa bwana mifugo, miaka ya tisini mwishoni, nilitamba ofisi nzima kwamba kwetu Arusha nimefundisha farasi wa maonyesho, wale wanaotembea kwa madaha. Farasi huku hakuna, basi nikaazima punda wa Mzee Likwelile, muuza maji.

Jioni nilimpanda mtaani nikamfundisha bila fimbo: nikinyoosha mgongo na kubana magoti, asimame. Akasimama siku hiyohiyo! Nilichagua milangoni mwa watu, ili wanione vizuri. Kila mlango, mgongo wima, punda tuli. Nikajiona fundi, nikaomba nafasi kwenye sherehe ya wakulima.

Siku ikafika. Mbele ya mgeni rasmi nikanyoosha mgongo. Punda akapita. Nikabana magoti mpaka yakauma. Akavuka uwanja mzima hadi kwa mama lishe, akasimama tuli kama askari.

Mama lishe akainuka na ndoo zake, akamzunguka punda akitafuta madumu.

“Bwana Mifugo,” akaniuliza, umati mzima ukisikia, “leo umekuja wewe tu? Maji yako wapi?”