Benchi la Nyuma

Nakumbuka, mwanangu, siku niliyowaachia ndege shamba la mpunga kwa sababu ya gauni. Kaa unisikilize mpaka mwisho. Nimesikia ninyi vijana wa kwaya mmekaa kikao kumjadili mwenzenu aliyeanguka dhambini, na kwamba wewe ndiye uliyeandika karatasi yenye majina ya wanaotaka afukuzwe. Sikukasirikii. Nami nilikuwa hivyo hivyo, tena nilikuzidi.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Kabla yake tulizoea kupanga foleni dukani kwa ajili ya kanga moja, na mara nyingine unafika mbele kanga zimekwisha. Kisha biashara zikafunguliwa, mitumba ikaanza kumwagwa gulioni Kibiti, robota juu ya robota, na sisi wasichana wa bondeni tukaingiwa na wazimu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Baba yangu alikuja huku na kazi ya barabara, akabaki kulima Mtunda. Wakristo tulikuwa wachache katikati ya majirani Waislamu, tukisali katika banda la makuti lenye mabenchi saba. Benchi la saba, la nyuma kabisa, lilikuwa la waliotengwa. Mtu akianguka katika dhambi iliyoonekana na wote, alikaa pale. Haimbi kwaya, hashiriki Meza ya Bwana, mpaka mchungaji amrudishe kundini mbele ya watu.

Mwaka ule aliyekaa pale alikuwa Tabitha. Ndiyo, bibi yako. Usishtuke, yeye mwenyewe amenipa ruhusa nikueleze. Alikuwa amezaa bila ndoa, na mwanamume akapotelea Dar es Salaam. Unajua ni nani alisimama kikaoni kusema atengwe? Mimi, rafiki yake tangu utotoni, kiongozi wa kwaya. Nilisema kwa sauti kubwa, nikataja na Maandiko, nikarudi nyumbani nimeridhika na nafsi yangu kweli kweli. Dhambi ya Tabitha ilikuwa imeota tumbo, kila mtu akaiona. Zangu hazikuota tumbo.

Sasa, mashamba yetu ya mpunga yalikuwa yanagusana. Mpunga ukishika maziwa, punje zikiwa bado laini, ndege hushuka kwa makundi, kwa hiyo tulihamia kwenye madungu, vile vibanda vya miguu mirefu, tukaamia ndege kwa zamu. Mwenye zamu anashinda juu ya dungu tangu kunapopambazuka, anavuta kamba zilizofungwa makopo, anapiga kelele, anarusha mawe kwa kombeo, na halindi shamba lake peke yake. Upande wetu yalikuwa mashamba matatu: letu, la kina Tabitha, na la Bi Zuhura, mjane wa Kindengereko ambaye magoti yalikuwa yamemkataa, hawezi kupanda ngazi ya dungu. Alitutegemea mimi na Tabitha. Alituletea mihogo ya kuchoma na kututania kwamba tukizembea atakuja kula kwetu mwaka mzima.

Siku ya zamu yangu nikasikia kuna marobota mapya Kibiti. Nikajiambia nitakwenda na kurudi kabla jua halijawa kali. Nikadandia lori. Gauni nililipata, la bluu, lenye kola nyeupe, lakini gari la kurudi sikulipata mpaka alasiri. Nilipofika bondeni nikaona masuke ya Bi Zuhura yamesimama wima, mepesi, hayana kitu. Shamba letu na la kina Tabitha yalikuwa yameguswa pembeni tu.

Majirani walikusanyika. Mmoja akauliza zamu ilikuwa ya nani, na kabla sijafungua mdomo mwingine akadakia, "Ya nani tena kama si yule Tabitha? Kashindwa kujilinda mwenyewe, ataweza mpunga wa watu?" Wakacheka. Tabitha akasema, "Zamu yangu ilikuwa jana." Hakuna aliyemsikiliza. Akanitazama mimi. Nami nikanyamaza, mwanangu. Sikusema uongo hata neno moja. Nilikaa kimya tu, na kimya changu kikamaliza kazi yote. Akambeba mtoto wake mgongoni, akaenda zake.

Jumapili iliyofuata ndiyo ilikuwa siku yake ya kurudishwa kundini, na mtoto wake kubatizwa. Mchungaji alifika kwetu kwa nadra, na barabara ikishika tope hafiki kabisa. Ijumaa wazee wa kanisa wakaamua Tabitha asubiri, kwa kuwa ameonyesha hajabadilika. Nani wa kumpelekea habari? Wakanituma mimi, mtu mwaminifu.

Sikufika. Nilitembea nusu ya njia, nikageukia kwa mwinjilisti wetu. Alikuwa mzee mfupi asiye na maneno mengi, nikamkuta anatia mpini kwenye jembe. Nikamwambia yote. Nikamalizia kwa kusema nitampa Bi Zuhura mpunga wangu wote wa msimu ule.

"Kwa nini unampa?" akaniuliza.

"Ili Mungu anisamehe."

Akaliweka jembe chini. "Bado uko gulioni, binti. Unataka kupatana bei na Mungu. Mpe Bi Zuhura mpunga kwa kuwa atalala njaa, na wewe ndiye uliyemtia njaa. Lakini msamaha wa Mungu, Kristo ameshaugharimia, huna cha kuongeza hata punje. Wewe kazi yako ni kuupokea. Na utaupokeaje nawe umejificha nyuma ya Tabitha?"

Nilikwenda kwake kutafuta faraja, nikatoka nimechukia. Lakini usingizi haukuwa wangu tena, na kulipokucha nilikuwa mlangoni kwa Bi Zuhura.

"Hodi. Shikamoo Bi Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Nipe hiyo bakora yangu, nilikuwa natoka."

Nikapiga magoti nikamweleza. Hakushtuka. "Nilikuona siku ile ukishuka kwenye lori, gauni umelikumbatia," alisema. "Nikasema nitamwacha, atakuja mwenyewe, na roho yangu ikawa imeshakusamehe. Sikujua kama wamemsingizia yule mwenzio. Nimeambiwa jana jioni, na hapo uliponikuta nakwenda kuwaambia wazee wenu kwamba si yeye. Alhamdulillahi umeniwahi. Mpunga nitaupokea, maana njaa haina haya. Ila huko kwenye kanisa lenu utakwenda mwenyewe."

Jumapili nikasimama mbele ya mchungaji na mabenchi yote saba. Nilitaja gauni, nikataja ndege, nikataja kimya changu. Sikupunguza kitu. Mchungaji akawatazama wazee, wazee wakatazama chini. Akamwita Tabitha, akamrudisha kundini, akambatiza mtoto. Nami bila kuambiwa nikaenda benchi la nyuma nikakaa. Watu wote walinipa mgongo, na kwaya ikaanza kuimba bila mimi. Nililijua benchi lile kwa mara ya kwanza. Lilikuwa na mguu mfupi, linayumba ukilia.

Tabitha alikuwa amewekewa nafasi yake kwenye kwaya. Alipita mbele ya waimbaji akaendelea kutembea mpaka nyuma, akaketi ubavuni kwangu. Akanipakatisha mtoto, kichwa kikiwa bado kimelowa maji ya ubatizo. "Nishikie," alisema, "mkono umechoka." Mtoto yule ni baba yako.

Mwanangu, mahubiri nimesikia mengi tangu siku hiyo, ila neema niliijulia pale. Sikuwa nimemlipa Tabitha kitu, na wala sikuwa na cha kumlipa. Yeye ndiye niliyemwonea, na yeye ndiye aliyenifuata. Kristo ndivyo alivyotufanyia sisi sote. Alikuja kuketi na sisi tukiwa bado kwenye benchi la nyuma, hakutungojea tufike la mbele.

Kwa hiyo nasema wazi, usije ukasema nilizungukazunguka. Dhambi ni dhambi, usiipake rangi. Ulichoharibu katengeneze, kama mimi nilivyobeba magunia ya mpunga mpaka kwa Bi Zuhura. Lakini usidhani magunia ndiyo yaliyokuokoa. Na ukimwona mwenzako ameanguka, jua kwamba tofauti yako na yeye huenda ni kwamba dhambi yake imeonekana. Mwenzenu huyo asikae peke yake Jumapili hii. Ile karatasi yenye majina iache hapa kwangu, nitawashia jiko.

Mungu aliyenipokea mimi akupokee na wewe kila utakapoanguka. Akupe ulimi mwepesi wa kukiri na moyo mwepesi wa kusamehe, na asikuache ukajiona msafi mpaka ukawasahau wenzako. Haya, nenda kamtafute mwenzako huyo kabla kwaya haijaanza mazoezi.