Namba Saba kwa Rangi Nyekundu

Rangi ya bluu iliishia kituo cha tano. Hapo ndipo huanzia kila nikijaribu kueleza vile nyumba ya Haboba ilianguka, na watu huniangalia kama nimeanza mbali sana. Lakini ndipo ilipoanzia. Lile kopo lingekuwa na bluu ya vituo viwili zaidi, nyumba ingekuwa imesimama hata leo, na mimi ningekuwa nimeketi barazani nikila.

Kazi yangu ni kutembeza watu. Niliishia kidato cha pili, kwa hivyo sina karatasi ya kuonyesha kwamba mimi ni mtaalamu wa historia. Nina miguu na mdomo. Mtu akitaka kuijua Kibera bila kupotea ananipigia simu, tunakutana Soko la Toi asubuhi, pale penye nguo za mitumba, kisha tunateremka polepole kituo kwa kituo. Vilikuwa vituo saba. Kila kimoja kilikuwa na jengo la kutazama, habari za watu waliolijenga, na kitu cha kula, kwa sababu nimegundua historia ikiingia na tumbo tupu haikai.

Kituo cha saba kilikuwa nyumba ya Haboba. Hilo si jina lake, ni neno la Kinubi la nyanya, na nusu ya mtaa ilimwita hivyo. Wazee wake waliletwa kutoka Sudan wakiwa askari wa Mwingereza, wakaambiwa wakae kwenye msitu huu, na msitu kwa lugha yao ndio Kibra. Sisi wengine tulikuja baadaye na magodoro yetu. Mama yangu alitoka Magharibi akapanga chumba Mashimoni, na siku za kwenda kufulia watu nguo aliniacha kwenye baraza la Haboba nikiwa bado natambaa. Hakuwa amemwomba. Haboba ndiye alimwona amenibeba na karai kichwani, akamwambia, "Mtoto muache hapa, kivuli ni cha Mungu." Nilijifunza kutembea nikishika nguzo za baraza hilo.

Ilikuwa nyumba ya udongo na fito, ya zamani kuliko mtu yeyote niliyemjua. Kuta zake zilikuwa nene, ukisimama mlangoni na kunyoosha mkono unaweza kuupima unene wake kutoka kiwikoni hadi kidoleni. Mabati ya juu yalikuwa yale mazito ya enzi hizo, yameshika kutu hadi yakawa na rangi ya chai isiyo na maziwa. Katikati kulikuwa na ua, na pembeni vyumba vinne vya wapangaji. Sebuleni ukutani zilitundikwa kawa za kusukwa kwa rangi nyingi, zile wanazofunikia chakula. Joto la Januari likija, ndani mle lilikuwa linabisha hodi kwanza.

Mwisho wa matembezi Haboba aliwakaangia wageni wangu gurusa, mkate mwembamba karibu uone mkono wako upande wa pili, na mchuzi wa nyama wa kuchovya. Hakuna mgeni aliyetoka pale bila kula. Mmoja alijaribu kukataa, akasema ameshiba. Haboba akamjibu, "Umeshiba kwa wengine. Kwangu bado."

Mimi ni mtu wa ndoto. Mama husema naweza kuota hata nikiwa kwenye foleni ya choo. Ndoto yangu ilikuwa kila kituo kiwe na namba yake ukutani, ili siku moja watu waje hata bila mimi, wafuate namba kama watoto wanaofuata muziki wa harusi, hadi waishie kwa Haboba. Nilimwendea nikamweleza.

"Namba ya nini?" akauliza.

"Ya wageni. Wewe utakuwa saba."

"Rangi gani?"

"Bluu."

"Bluu ni nzuri. Andika. Lakini andika ndogo, nisifanane na sanduku la posta."

Siku hizi ninaishi Kawangware, na jirani yangu ni fundi wa kuchora mabango. Vinyozi, mabucha na saluni nyingi unazoziona huko ni mkono wake. Nikamwomba mabaki ya rangi.

"Bluu ni hii tu," akasema, akitikisa kopo karibu na sikio.

"Itatosha?"

"Inategemea kama unaandika namba ama unapaka nyumba. Shika na hii nyekundu, ilibaki ya bucha. Usiniambie sikukusaidia."

Nilianza kuandika Ijumaa mchana. Haboba alikuwa amesafiri siku moja kabla kwenda Kibos kwenye harusi ya jamaa. Namba moja hadi tano zilitoka za bluu, safi. Ya sita ikawa nyekundu, kwenye kibanda cha muuza mutura, ile soseji ya utumbo na damu inayochomwa kando ya njia. Aliipenda. "Inafanana na biashara yangu," akasema. Nikafika kwa Haboba jua likizama. Mwanawe na wapangaji walikuwa wameenda msikitini kuswali magharibi, mlango umerudishwa. Ukuta ulikuwa umekandikwa upya mwezi uliopita, laini kama uso uliopakwa mafuta. Nikasahau habari ya ndogo. Nikachora saba kubwa, na mkato katikati vile tulivyofundishwa shule, na chini yake mshale wa kuonyesha mlango. Nikarudi nyuma nikaitazama, nikacheka peke yangu. Kisha nikaenda zangu Kawangware kusugua vidole kwa mafuta ya taa.

Sasa niseme jambo ambalo kila mtu wa Kibera analijua. Barabara ikitaka kupita kwenu, au serikali ikitaka uwanja wake, watu huja na kopo la rangi nyekundu. Hawasalimii. Wanapiga X ukutani, au namba, au vyote viwili, wanaondoka. Nyuma yao inakuja tingatinga, na haisemi siku. Kwa hivyo watu wamejifunza kutoisubiri. Anayesubiri hubaki na vumbi. Anayebomoa mwenyewe mapema anaokoa mabati, nguzo, mlango, hata misumari, akajenge kwingine. Nikiwa na miaka kumi safu yetu Mashimoni ilipigwa rangi, na mama alipanda juu akalifungua paa letu huku mimi chini nikipokea misumari kwenye sufuria ya ugali. Ni mimi huyo. Na bado nilichovya brashi kwenye ile nyekundu.

Jumamosi nilikuwa na wageni watatu, wanafunzi wa chuo wanaosomea ujenzi, wasichana wawili na mvulana. Ilikuwa siku nzuri, mawingu mbali, na mdomo wangu ulikuwa na mafuta. Toi tulikunywa chai na mandazi. Kwenye reli niliwaeleza habari za Wahindi na Waingereza na wale askari wa Sudan, na vile reli yenyewe siku hizi ni njia ya miguu na meza ya biashara. Sarang'ombe tulikula mgongo wazi, ule mfupa wa samaki unaobaki minofu ikishakwenda kwa wenye nacho, ukikaangwa vizuri unasahau kilichotolewa. Mama mwenye karai, mtu wa kutoka ziwani, alimwambia yule mvulana, "Wewe unanyonya kichwa kama umezaliwa Siaya." Mvulana akajivuna njia nzima. Mashimoni niliwaonyesha mafundi wa kwetu Magharibi wanavyoziba ukuta kwa udongo na mabati ya makopo yaliyonyooshwa, tukala chapati na maharagwe tukiwa tumesimama.

Tulipokuwa kwa muuza mutura tukaanza kusikia nyundo.

"Huko wanajenga?" akauliza msichana mmoja, yule aliyekuwa na daftari.

"Kibera kila siku inajengwa," nikamjibu kwa maringo.

Tukakata kona. Nusu ya paa la Haboba ilikuwa chini. Mwanawe alikuwa juu ya boriti, ananing'inia na nyundo, anang'oa misumari. Wapangaji walikuwa wanatoa vitanda. Zile kawa zilikuwa zimerundikwa kwenye mkokoteni, juu ya godoro.

"Wewe, rudisha wageni wako," akaniambia kutoka juu. "Leo hakuna kula. Tumepigwa rangi."

"Na nani?"

"Kwani huwa wanaacha jina? Jana tukiwa msikitini. Nimempigia mama simu Kibos usiku, akasema toeni bati kabla hawajafika. Mjumbe naye hajui kitu, na ukisikia mjumbe hajui kitu jua ni kweli."

Nilitazama ukuta. Namba yangu ilikuwa pale, kubwa, na mkato wake na mshale wake.

"Anko, hiyo ni mimi," nikasema.

Hakusikia. Nikasema tena. Nyundo ikanyamaza.

"Ni wewe nini?"

"Hiyo saba. Ni ya matembezi. Nilimwomba Haboba. Nilimwambia bluu, lakini bluu iliisha."

Wote walinitazama. Mpangaji mmoja, fundi wa viatu, aliweka chini kitanda alichokuwa amekishika, polepole kama kina mgonjwa. "Msichana wa Mashimoni mzima," akasema. "Wewe wa kukosa kuijua nyekundu." Hakusema kwa hasira, ndiyo maana bado naisikia.

Mwanawe alishuka. Hakunipiga, hakunitukana. Alichukua bati moja, akajaribu kulirudisha na wenzake, nami nikashika upande, na wanafunzi wangu wakashika. Lakini bati la zamani ukilitoa mara moja halikubali tena. Lilipasuka kwenye matundu ya misumari kama kitambaa kikuukuu. La pili likapasuka. Boriti yenyewe ilikuwa imeliwa na mchwa ndani, mabati ndiyo yalikuwa yanaishikilia. Tulikuwa bado tunahangaika mawingu yakafika, maana ilikuwa Aprili, na saa tisa mvua ikaja.

Tulifunika kwa nailoni, kwa magunia, kwa shuka. Msichana wa daftari alivua koti lake akalitandaza juu ya ukuta, jambo la kipumbavu, na nilimpenda kwa hilo. Ukuta wa udongo usipokuwa na kofia ni kama sukari. Ulianza kulia michirizi ya rangi ya kahawa, kisha ukavimba, na upande wa mlango, wenye ile namba, ndio uliolala kwanza. Haukufanya kelele nyingi. Kufika Jumapili asubuhi zilibaki nguzo za baraza, na hizo mwanawe alizing'oa mwenyewe.

Haboba alirudi Jumatatu bado ana hina ya harusi mikononi. Nilikuwa nimemsubiri tangu alfajiri, nimepanga maneno. Alizunguka ule udongo mara moja, akaokota kipande cha lipu chenye nyekundu, akakigeuza, akakiweka chini. Halafu akaniona.

"Nilikwambia ndogo," akasema.

Ni hayo tu aliyowahi kusema kunilaumu.

Nyumba ya udongo ya namna ile haikujengwa tena. Mwanawe alisema mafundi wake wamekufa wote, na nafasi ikikaa wazi Kibera haikai siku mbili. Kuna vyumba vya mabati hapo sasa, safu moja, vinang'aa. Haboba alichukuliwa na binti yake wa Kawangware, ghorofa ya tatu ya nyumba ya mawe, dirisha linatazama dirisha. Hakuna baraza. Kawa ziko chini ya kitanda.

Matembezi yangu yana vituo sita. Namba ya sita niliipaka upya kwa bluu. Wageni wakimaliza mutura nawaambia ndiyo mwisho, na wengine hushangaa kidogo, kana kwamba tumbo lao linajua kuna kitu kimekatwa.

Ijumaa huenda kwa Haboba. Anakaanga gurusa kwenye meko ya gesi, analalamika moto wa gesi hauna adabu. Ijumaa iliyopita akaniuliza, "Hiyo saba siku hizi unawaambia nini?"

"Siwaambii kitu, Haboba."

"Niambie mimi. Fanya kama mimi ndiye mgeni."

Nikakaa wima kwenye stuli, nikaanza vile nilivyokuwa nikianza. Nikasema nyumba hii ilijengwa na askari, baba yake Haboba, kwa mikono yake miwili.

"Si yeye," akasema, mgongo umenielekea.

"Si yeye?"

"Ni mama yangu na dada zake. Walikanyaga udongo kwa miguu mwezi mzima. Baba alikuwa kwenye vita vya watu. Alirudi akakuta nyumba, akaweka mlango."

"Miaka miwili yote umenisikia nikikosea?"

"Wageni walikuwa wanakula vizuri. Ningewakatia hamu ya nini?" Akageuza mkate. "Anza tena."

Nikaanza tena, na mama yake safari hii, na miguu yenye udongo hadi magotini. Akanisahihisha fito zilitoka wapi. Akanisahihisha mlango ulifunguka upande gani. Nikaingia uani, nikapita sebuleni kwenye kawa, nikatoka kuelekea barazani, na nilipofika kwenye nguzo mkono ukanyooka wenyewe kuishika, nikakwama hapo.

 Akazima gesi, akasogeza sahani mbele yangu.

"Kula kwanza," akasema. "Baraza tutalifikia."