Njia Aliyoijua kwa Tope

Fundi viatu huyu wote wanamwita Soli. Kibanda chake kiko pale pale inapoanzia njia ya mto, ile ya kwenda kwenye maporomoko. Zaidi ya miaka ishirini watu wanarudi matembezini na buti zimeachama kama midomo ya mamba, naye anakwangua tope, anashona, anagonga. Na kwa tope hilo, jamani, anaijua njia nzima! Kwanza udongo mwekundu, halafu changarawe nyeusi, mwisho vimiiba vinavyong'ang'ania kwenye kamba.

Shida moja tu. Enzi zile anamchumbia mkewe, alijitapa kwamba maporomoko keshafika mara saba. Wapi! Hata mara moja. Na leo Jumapili mke kakaza kamba za raba.

"Baba watoto, leo nipeleke. Au umesahau njia?"

"Nisahau mimi?" Soli naye akavaa raba zake. Akiumbuka leo, ataficha wapi uso?

Wakaondoka. Mto ukawa unatembea nao ubavuni, unanong'ona, unanyamaza, unanong'ona tena. Jua linachungulia katikati ya majani na kuwadondokea mabegani. Soli anaenda kama yuko ndotoni, nyayo zake zinakumbuka mahali ambapo hazijawahi kukanyaga.

"Sasa hivi changarawe," anasema. Changarawe hiyo! "Angalia miiba." Miiba hiyo! Njia ikagawanyika, moja kushoto, moja kulia. Akainama, akasugua udongo kwa vidole. "Kushoto." Mke anamtupia jicho la pembeni tu.

Wakakata kona. Lo! Maji marefu, meupe, yanashuka taratibu kama pazia lenye usingizi, na kwenye ukungu wake kaupinde ka mvua kametulia tuli. Soli akaganda, mdomo wazi.

"Wewe!" mke akapiga makofi. "Aliyefika mara saba ndiye anashangaa hivi?"

Soli akayanyooshea maji kidole. "Maji hayagandi kwenye soli, mama watoto. Haya hakuna aliyewahi kuniletea."

Mke akacheka mpaka akashikilia jiwe. "Miaka kumi na tisa unanidanganya, na njia yote umeipatia! Kaa hapa, mwongo wangu. Zimebaki mara sita."

Soli akakaa, akavua raba, akaigeuza. Wekundu, weusi, kamwiba kamoja. Mkono ukaenda mfukoni kutafuta kisu cha kukwangulia, ukarudi mtupu; kisu kiko kibandani, na tope hili safari hii ni lake mwenyewe.