Alisema mbele ya patron wakamuua, na mimi niliyeona bado nimenyamaza

Admin, jina langu lifiche, na kazini kwangu usipataje zaidi ya nilivyopataja mwenyewe. Mimi ni mama wa miaka thelathini na mbili, naishi Lubumbashi, komini (tarafa ya mji) iitwayo Kenya, nina mume na watoto watatu. Napika chakula cha wafanyakazi kwenye depo moja ya unga na sementi. Majina nitakayotumia si yao. Mengine yote ni kweli tupu, na anayetaka kunitukana asome kwanza mpaka mwisho.

Mnajua mji wetu ulivyovurugika tangu vita ya mashariki ipambe moto. Kampuni zinafunga, mume wangu alifukuzwa kazi mgodini, na mtu akisikika tu na lafudhi ya Kivu anaitwa rebelle, yaani muasi. Katika vurugu hizo patron wetu, mwenye depo, ambaye tunamwona kwa nadra, alikuja akatukusanya uwanjani.

"Bandugu, mukiona mubaya mu kazi, museme. Musiogope. Hapa tuko famille."

Tukatazama chini. Kapita wetu, yaani msimamizi wa depo, tunamjua. Wanaume anawapiga, na wanawake wa usafi anajifungia nao stoo kwa nguvu. Lakini mpakizi mmoja, nitamwita Ilunga, mtu wa Mitwaba mwenye mke mjamzito, akasimama. "Patron, kapita iko anatupiga sawa nyama. Na hii bamama ya usafi iko anabafungia mu dépôt. Bote banajua, banaogopa tu."

Patron akampigia makofi, akasema huyo ndiye mfanyakazi wa kuigwa. Halafu mnajua alifanya nini? Akampa kapita mwenyewe kazi ya kuchunguza maneno hayo, akapanda gari akaondoka. Mtu mzima na akili zake!

Kesho yake mchana nilikuwa nasonga bukari, ugali wetu, nikasikia kelele nyuma ya magunia. Dirisha la jiko linatazama huko huko. Walinzi wawili walikuwa wamemkandamiza Ilunga chini, kapita ameshika nondo. Alianza na miguu, akahamia mbavuni, huku akisema, "Sema tena! Patron yako iko wapi? Umwite!" Ilunga alikinga kichwa kwa mkono, nikasikia mfupa unavunjika. Pigo la mwisho lilitua kisogoni. Damu ilitiririka kwenye unga uliokuwa umemwagika, ukawa kama uji mwekundu. Nilitafuna kitenge changu nisipige kelele. Wapakizi kumi walikuwepo, na kila mmoja aliendelea kubeba gunia lake.

Aliyesogea ni dereva mmoja tu, mtu wa Butembo, huko Kivu, nitamwita Muhindo. Alimbeba Ilunga mgongoni, akamlaza ndani ya lori, akamkimbiza hospitali. Ilunga alikata roho njiani. Muhindo aliposhuka ameloa damu kuanzia kola, kapita alikuwa ameshaipigia simu familia ya marehemu: dereva wa Kivu amemgonga mtoto wenu akirudisha lori nyuma.

Huku kwetu kijana akifa ghafla, vijana wa mtaa ndio wanaoshika kilio. Jeneza wanalibeba wao, na wanadai maiti mwenyewe huwavuta hadi kwa aliyemuua. Basi na hili "likawavuta". Nilikuwa nyuma na akina mama. Niliona jeneza likipita mbele ya nyumba ya kapita bila hata kupunguza mwendo, maana pombe yote waliyonunuliwa ilitoka kwake. Likaenda moja kwa moja kwa Muhindo.

"Rebelle! Mumuue!"

Walimtoa dirishani. Walimpiga matofali mdomoni mpaka taya likaning'inia. Mkewe alipomlalia juu ili amkinge, wakamkanyaga yeye pia, kisha nyumba wakaitia moto. Mama wa Ilunga alikuwa analia na kushangilia pamoja, "Mutoto yangu banamulipia!" Nilikuwa nimemshika bega, na sikumwambia kitu. Najichukia kwa hilo.

Muhindo bado yupo hospitali. Taya limefungwa waya, hawezi kutamka neno. Vijana wameapa kwamba siku akitoka watammaliza. Nimewafuata wapakizi mmoja mmoja, nikawaambia tukisema wote kapita hawezi kutuua wote. Wananijibu mdomo uliponza kichwa, wanacheka cheko la woga na kuondoka.

Sasa sikieni lililo zito zaidi. Kapita huyo ndiye parrain wa ndoa yetu, aliyesimama na sisi kanisani. Tukigombana na mume wangu, yeye ndiye anayetusuluhisha, na kazi hii ya jikoni alinitafutia yeye. Jumapili alikuja nyumbani, akakaa, akala kuku wangu, akanifuta machozi ya kilio kwa kidole chake.

"Mutoto yangu, weye ulikuwa mu jiko. Haukuone kintu, njo vile?"

Nikamwongezea mchuzi. Akamgeukia mume wangu. "Na weye unakaa tu bule. Nafasi ya Ilunga iko wazi. Ukuye kesho."

Mume wangu alipiga magoti kushukuru. Mgeni alipoondoka nilimweleza yote, nondo, damu, unga. Hakushtuka hata kidogo.

"Minajua. Bote tunajua. Batoto batakula nini?" Akaongeza kwamba siku nikifungua mdomo nifungashe, nirudi kwa mama yangu.

Leo ilikuwa siku yake ya kwanza kazini. Amerudi jicho limevimba, limefunga kabisa, na shati limechanika. Anasema gunia lilimwangukia. Nimemkanda kwa maji ya moto, akajifanya amelala.

Ndugu zangu mnaosoma, na hasa ninyi mliowahi kusema ubaya wa kazini kwenu mkabaki hai, niambieni: nianzie kwa nani, kabla jeneza lingine halijatoka, safari hii nyumbani kwangu?