Mutoto Tuliyemupa Jina Mbele Azaliwe

Harufu ya maharagi yenye kuchanganywa na mafuta ya ngombe ya zamani, ile yenye ilikaa mu chungu mupaka ikaanza kunuka kama soksi ya polisi, watu wa kwetu Masisi wakiisikia wanameza mate. Mimi nikiisikia natoka inje. Watoto wangu wanasema ni juu nilikula mingi sana nikiwa mudogo. Ni kweli nilikula mingi, mupaka leo mwili yangu iko shahidi, lakini si juu ya ile. Ni juu ya siku moja mu miaka ya sitini, miaka michache kisha Dipanda, ile uhuru yetu, siku nilikula nikashiba, nikapangusa mikono, njo nikajua kama ile chakula tulikula mbele ya saa yake.

Nilikuwa na miaka sita, na nilikuwa mutoto mumoja tu mu nyumba. Kwetu kilimani, mahali kila mama alikuwa na watoto saba ao munane, nyumba ya mutoto mumoja ilikuwa inaangaliwa kama kiti ya muguu mumoja. Papa alikuwa na ngombe ine, Mama alikuwa na mimi, na nazani majirani waliona kama Papa njo alizaa. Sikusoma sana, niliachia masomo mu mwaka ya ine, lakini ile hesabu niliielewa mbele hata nianze masomo: Mama asipopata wa pili, kuna siku mutu atamushauria Papa alete muke mwengine. Na Mukaka, njo vile tulikuwa tunaita mama ya Papa, alikuwa anasikia yale maneno kila siku akienda kuteka maji, anarudi na mutungi ku kichwa na roho chini.

Sasa tumbo ya Mama ikakuja kuonekana, na badala furaha iingie, woga njo iliingia. Mukaka akakataza kila kitu. Hakuna kushona nguo ya mutoto. Hakuna kusema atakuwa kijana ao musichana. Na jina, ile njo ilikuwa mubaya kupita zote: kutaja jina ya mutoto mwenye hajazaliwa ilikuwa sawa na kuonyesha kifo mulango ya nyumba. Mimi nilikuwa na mudomo yenye haifungike, kwa hiyo Mukaka alikuwa ananipa kipande ya muhogo kila mara nikitaka kusema. Nilinenepa.

Siku moja ya mvula kubwa, uchungu ikamushika Mama asubui. Wanaume ine wakamupandisha mu kipoyi, ile kitanda ya miti yenye kubebwa ku mabega, wakateremuka naye ku maternité, nyumba ya kuzalia ya masere, wale wamama watawa, chini ku misioni, safari ya nusu siku. Papa akafuata na kibuyu ya maziwa. Walienda wakiimba. Kwetu mugonjwa anabebwa na wimbo, ili ajue kama wenye kumubeba wako na nguvu. Maiti tu njo inabebwa kimya. Nikasikia ule wimbo mupaka ikapotea nyuma ya kilima.

Mangaribi jirani yetu Rwego, mumoja wa wale wabebaji, akarudi, maji inamutoka mu nguo.

"Mukaka, furahi! Amezaa!"

"Umemuona?"

"Masere walifunga mulango. Lakini hatujamaliza hata kunywa maji, tukasikia mutoto analia. Analia na nguvu, ni wa kwenu tu, mudomo ni ya huyu!" Akanionyesha mimi. Watu wakacheka, Mukaka akapiga vigelegele, na mimi nikajivuna kama jogoo.

Ile njo ilikuwa siku ya kwanza ya kuhesabu. Mwanamuke akizaa ku masere alikuwa anarudi kisha siku tatu. Siku ya tatu tukafagia kiwanja. Siku ya ine tukafagia tena. Siku ya tano tukasikia kama muto ulichukua daraja, hakuna mutu anapita, na Mukaka akasema, "Basi, njo ile tu inawachelewesha." Lakini siku ya sita sikumuona anakula. Nilienda kuomba moto kwa jirani, nikawasikia wamama wawili wanasema polepole, "Mutoto alilia, ndiyo. Lakini nani alisikia mama yake?" Wakaniona, wakaanza kuongea juu ya mvula. Nikarudi na moto mu mukono, machozi inashuka, nikaambia Mukaka ni moshi. Watu wanasema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Mwenye alisema ile hakuwa mwanamuke, na hakungoja mwanamuke ku kilima siku sita.

Siku ya munane ni siku ya jina. Kwetu watoto wa majirani wanaitwa, wanapewa majembe, wanalima kidogo nyuma ya nyumba. Kisha mutu mukubwa anawamwangia maji kama mvula, wanakimbia ndani, wanakula maharagi pamoja ku ungo moja, pembeni ya mama na mutoto muchanga, na kila mutoto anataja jina yenye anapenda. Sasa tufanye namna gani, na mama hayuko, mutoto hayuko? Majirani walifikiri Mukaka ataacha. Yeye akasema, "Nikiacha, nimewazika." Akapika. Akatandika mukeka, akaweka pale kitambaa ya Mama, mahali Mama angekaa. Tukalima, tukamwangiwa maji, tukakimbia, tukakula. Vijana wa Rwego wakasema aitwe Kamioni, kama lori. Mwengine akasema Mukuki. Mimi nikasimama, nikasema na sauti yenye hata ngombe ziligeuka: "Sukari!" Nilikuwa nimelamba sukari mara moja tu mu maisha yangu.

Tuko tunalamba vidole, Papa akaingia. Matope ilikuwa imemufika ku kiuno. Walivuka muto na kamba. Akaangalia ungo, akaangalia sisi, akaangalia Mukaka.

"Mama, munakula nini?"

"Tunakula ya jina. Weye, muke yako iko muzima?"

"Iko muzima."

"Na mutoto?"

"Iko mu tumbo."

Mukaka akakaa chini. Hakutafuta kiti.

"Iko mu tumbo namna gani? Rwego alimusikia!"

"Mama, maternité iko na watoto ya watu. Wanalia. Njo kazi yao." Papa alitaka kucheka lakini haikutoka. Akaeleza kama uchungu ilisimama saa ile ile walifika, na masere walipopapasa tumbo wakakuta mutoto amelala vibaya, kama muti wenye kuangukia njia. Walikuwa wanajaribu kumugeuza. Asipogeuka, inaomba munganga wa hospitali ya Goma, na njia ya Goma ilikuwa imekatika. Yeye alikuja kutafuta mablanketi na maziwa, arudi.

Kwa hiyo mama yangu alikuwa angali anapigana, na sisi huku tulikuwa tumetaja mutoto wake majina munane na kupangusa mikono. Mukaka hakutugombeza. Ile njo iliniogopesha zaidi. Akasema kila mutu atoe jina yake ku mutoto, aipe kitu ingine. Kamioni ikapewa imbwa. Mukuki ikapewa jogoo. Mimi Sukari niliipeleka kwa ndama yetu, nikamuambia mu sikio, "Ni yako, shika, usirudishe." Kesho yake ile ndama ikakataa kunyonya. Nikakaa pembeni yake siku muzima kama munganga, namuomba, namushikia kichwa. Mangaribi ikanyonya. Mimi njo nilikataa chakula, na pale kila mutu akajua kama mambo ni mubaya kweli.

Siku ya tano kisha Papa kurudi chini, nilikuwa juu ku malisho, nikaona kipoyi inapanda. Wanaume ine, na Papa nyuma. Nikafungua masikio. Hakuna wimbo. Nikasema ni upepo. Wakazunguka kona ya kwanza, kimya. Kona ya pili, nikaona midomo yao imefungwa, wanaangalia chini. Mukaka alikuwa amesimama ku kiwanja. Akavua kitambaa ya kichwa, akaifunga ku kiuno, vile wamama wanafanya wakitaka kulia. Nikateremuka mbio, nikaanguka, nikaamuka, nikapiga makelele, "Mama! Mama! Mama!"

Mukono ya Mama ikatoka mu kipoyi, ikaweka kidole kimoja ku mudomo.

"Nyamaza weye! Mutoto amelala sasa hivi tu. Hawa nao nimewakataza kuimba tangu ku muto." Kisha akaniangalia muzuri, uso yake imekauka, macho imeingia ndani. "Ulikula?"

Alikuwa kijana. Aligeuka yeye mwenyewe, akazaliwa siku mbili kisha ile karamu yetu. Tulifanya jina mara ya pili, na maharagi ingine, na kila mutoto akataja yake. Wakanifikia mimi, nikafunga mudomo. Walinibembeleza, walinichokoza, Rwego akasema leo mvula itanyesha mawe. Sikufungua. Jina yake Papa njo alitoa.

Mimi mwenyewe nimezaa sita, na leo wajukuu wangu wanazalia Goma. Ile kilima pikipiki inapanda mu dakika makumi mbili, habari inapanda ku telefone mbio kuliko pikipiki: kilo ya mutoto, saa alizaliwa, na picha. Sikatae, ile ni muzuri. Siku zile tungekuwa nayo, Mukaka angekula. Lakini nimepita ule mulango wenye masere wanafunga, na ndani pale hakuna kitu imebadilika, unaingia peke yako kama Mama. Mwezi uliopita mujukuu wangu akaniletea telefone, akanionyesha mutoto mu tumbo, mweusi mweupe kama mawingu, na nguo zenye kushonwa jina tayari. Akaniomba na mimi niseme ile jina, anirekode sauti. Nikaangalia tumbo yake, nikamuambia, "Mwana wangu, ulete mutoto hapa nimubebe. Nitaisema mupaka majirani wachoke."