Udongo wa Bwana Mifugo

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye machinjio ya Nachingwea, mchinjaji mmoja alinitazama kuanzia viatu vya mpira hadi ushungi, kisha akauliza Bwana Mifugo yuko wapi. Nikamwambia ndiye mimi. Akacheka mpaka akaegemea ukuta, halafu akaniamkia shikamoo, na umri wake ulikuwa sawa na wa baba yangu. Jina likaniganda. Nimestaafu nikiwa Bwana Mifugo, na wajukuu zangu hawaoni ajabu yoyote.

Ninyi mnaoingia kazi hii leo mnapiga picha ya ini kwa simu na kuituma wilayani. Mimi nilianza na kisu, kinoo na mhuri wa wino wa zambarau. Kabla ya kuchinja unamtazama mnyama akiwa hai, anavyotembea na anavyopumua. Akishachinjwa unapasua tezi, ini, mapafu na moyo kutafuta ugonjwa. Nyama salama inagongwa mhuri. Nyama mbaya inafukiwa, na mwenye mnyama anakununia hadi mavuno.

Baadaye nikahamishiwa kata ya Marambo. Huko nilikuta familia za Kikristo, nyingi zenye asili ya Msumbiji, zikifuga nguruwe nyuma ya mikorosho. Mtangulizi wangu, Mwislamu kama mimi, alikuwa akiwakagua kwa macho tu, amesimama mbali, mhuri anamwachia mwenye nguruwe ajigongee. Mimi sikuweza. Nguruwe ana tegu, mnyoo ambao vifuko vyake hukaa kwenye nyama kama punje za mchele. Anayekula nyama hiyo bila kuiva hupata tegu tumboni. Mayai yake yakitoka chooni na kurudi kwenye chakula cha watu, yanaweza kufika kwenye ubongo na kuleta kifafa. Ukisimama mbali huoni kitu.

Ila nami nilikuwa na sala zangu. Kama tulivyofundishwa huku kwetu, ukishika nguruwe unaosha mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Nilimweleza Daktari wa Mifugo wa Wilaya, mkuu wangu, Mkristo mpole kutoka kaskazini.

"Imani yako siiingilii," alisema. "Ila kaoshee mbali, wasikuone. Utawaumiza."

Ulikuwa ushauri wa mtu mwema, nami nikaufuata. Nikimaliza kukagua naaga, naendesha pikipiki hadi kwenye kijito, napaki kichakani, najisugua. Siku moja Mama Anjela, mke wa katekista, alikuwa akiteka maji upande wa pili. Mikono ile nimetoka kuitumia kukagua nguruwe wake. Hakunisalimia. Alijitwika ndoo akaondoka.

Baada ya hapo hakuna aliyeniita tena. Ilikuwa msimu wa kampeni, na maneno yalipata miguu: serikali imemleta Mwislamu kuwanyanyapaa waliokuja kutoka Msumbiji, mbele yao anacheka, kichakani anawaosha kama uchafu. Nguruwe wakawa wanachinjwa porini bila kukaguliwa. Niliumia kwa maneno yale, lakini zaidi niliogopa. Katekista alikuwa anaandaa sherehe ya kipaimara ya binti yake Anjela, na nusu ya kata ilialikwa kula nguruwe wake mkubwa.

Nikaenda bila kuitwa. Nilimkuta amevaa fulana ya chama cha upinzani, nguruwe amekwisha kuning'inizwa na kupasuliwa. Mama Anjela aliingia ndani aliponiona.

"Mwalimu," nilisema, maana makatekista tunawaita hivyo, "naomba nikague."

"Umetumwa na chama chako?"

"Kura yangu siri yangu. Na nguruwe wako hana chama."

Hakucheka. "Mke wangu amekuona unajisugua na udongo. Sisi ni wachafu?"

"Siyo ninyi. Ni nguruwe. Dini yangu inaniambia nikimgusa nioshe hivyo ndipo niswali. Ningekuwa nimeshika nguruwe wa baba yangu mzazi ningeosha vilevile."

"Sasa mbona ulijificha?"

"Niliogopa kuwaumiza."

"Ndiyo umetuumiza. Mtu akificha kitu, mwenzake anajaza mwenyewe." Alifuta kisu chake. "Nikuulize. Kwa dini yako, mimi nakwenda motoni?"

Nimeulizwa maswali mengi na wakaguzi wa mkoa, hakuna lililokuwa gumu namna ile. Nikaona nikipaka asali atajua.

"Nimefundishwa njia moja tu," nilimwambia. "Lakini wewe hujawekwa mikononi mwangu kuhukumiwa. Mimi nimewekewa huo moyo wa nguruwe."

"Na mimi nimefundishwa kuhusu ninyi hivyohivyo," akasema. "Basi tuko sawa. Kata."

Nilikata ulimi, nikakata moyo. Punje zilikuwa kila mahali. Nilitamani sana nisizione, maana nilijua watakavyosema. Nilimsogezea moyo. Aliushika mwenyewe, akaigeuza ile nyama, akabonyeza punje moja kwa ukucha mpaka ikapasuka. Kisha akamwita mkewe.

"Mama Anjela, njoo uone. Hii siyo dini."

Walichimba shimo siku hiyohiyo. Sherehe ilifanyika kwa kuku, na kwa kuwa nguruwe hakuwepo, katekista alimwita jirani Mwislamu awachinje hao kuku, na majirani wengine Waislamu wakaja wakala. Mimi nilikula vipande viwili na sikuona aibu.

Niliporudi kwao kwa ukaguzi uliofuata, Mama Anjela alikuwa ametenga uani ndoo ya maji, kata ya kuchotea, na kopo la udongo. Udongo wenyewe ameuchekecha. "Oshea hapa," alisema. "Kule kijitoni kuna mawe, utaanguka." Nikaoshea pale, mbele yao, kwa miaka yote niliyokaa Marambo. Ukaguzi ulikuwa wa muda mfupi, ubishi na katekista ndio uliokula mchana. Yeye aliamini ardhi na mifugo viwe vya wote, serikali igawe. Mimi niliamini mtu hulisha vizuri mbuzi aliye wake. Aliniita bepari wa mbuzi watatu. Hakunibadilisha wala sikumbadilisha, na tulipoagana nilijua hoja zake vizuri kuliko zangu.

Nilimalizia utumishi Ruangwa, kata za Chunyu na Nanganga, chanjo za kuku na majosho, mambo ya kawaida. Hivi karibuni kijana aliyepangiwa Marambo alinipigia. Ni Mkristo, mwenye adabu.

"Mama, shikamoo. Nimekuja kukagua nguruwe wa dada mmoja anaitwa Anjela. Ameniwekea ndoo na kopo la udongo. Udongo ni wa nini?"

"Marahaba. Muulize mama yake."

"Mama yake amefariki, baba pia. Dada anasema walimwachia utaratibu huu, kwao nguruwe hakaguliwi bila udongo. Nimemwambia mimi ni Mkristo mwenzake, sina haja. Hataki niguse nguruwe."

Sikujua kama wamefariki. Nilikaa na simu sikioni, yeye akiita halo, halo. Siku ya kuniaga kazini sikulia, watu wakasema Bwana Mifugo ana moyo mgumu. Pale nililia.

"Mama, nifanyeje?"

Nikamwambia anawe.