Hina ya Alhamisi

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, kazi yangu ya kila Alhamisi baada ya adhuhuri ilikuwa kwenda Ndia Kuu kumnunulia babu hina. Alitaka pakiti niishike mkononi, nisiitie mfukoni, na muuza duka akinitania, "Bwana harusi wetu hajambo?" nimjibu kwa sauti ya kusikika, "Hajambo, ataka kung'ara kesho msikitini." Mtaa mzima ulijua kwamba ndevu nyekundu za babu zilitoka katika pakiti ile.

Hazikutoka humo. Nyumbani babu aliikoroga hina kwa maji ya ndimu, akachovya ncha za vidole zipate rangi, kisha akanipa bakuli niimwage chooni. Ndevu zake zilikuwa nyekundu toka shinani, kwa umbile; kichwa alikinyoa. Alikuja Mombasa akiwa kijana, tayari na hina yake, na nyanya alipofariki nikabaki mimi peke yangu mwenye kujua.

Siku moja nilimuuliza kwa nini twajisumbua hivyo.

"Mjukuu wangu," alinijibu, "watu wakiona hina huuliza umeinunua duka gani. Wasipoiona, huuliza mamako alikuwa wapi."

Akanishika mkono, akaniapisha nisimwambie mtu. Sikuelewa, lakini niliapa. Babu ndiye aliyenifundisha kuhesabu mizani za shairi kwa vidole, na sikuwahi kumsikia akisema neno lililopungua au kuzidi.

Kwetu iliaminiwa kwamba nywele za rangi ya moto ni za majini wa baharini, na kwamba mtoto akizaliwa nazo, baba yake si mume wa nyumba ile. Mwaka huohuo mama akamzaa dada yangu, Nadhifa, na kichwa chake kilikuwa na rangi ya zafarani iliyorowekwa.

Jirani yetu mkongwe, Bi Zuhura, alikuja kumwogesha. Alikitazama kichwa kile, akavuta leso yake hadi puani.

"Huyu si wenu," alisema. "Lakini tusimdhulumu mtu. Zinyolewe siku ya arobaini. Zikiota nyeusi, basi zilikuwa za tumboni tu. Zikirudi hivi, mama yake na amfuate mwenyewe aliyempa."

Mama alicheka. Baba hakucheka. Mama alikuwa akiuza katika duka la vinyago, ambako wageni huingia na kutoka, na barazani wenye ndimi kali walikuwa wameshaanza kusema kwamba jini huyo alivaa kaptura na kubeba kamera.

Nadhifa alinyolewa. Kila asubuhi nilifunua kofia yake kutazama. Asubuhi moja nilimkuta mama amempakata karibu na dirisha, anampaka wanja kichwani kwa kidole kimoja, polepole, kama anayepaka dawa juu ya kidonda. Aliponiona hakushtuka.

"Usiseme, mwanangu."

Nilikuwa mtoto hodari wa kutosema.

Ijumaa moja baada ya alasiri tulikusanyika ukumbini. Bi Zuhura alilowesha kitambaa, akakifuta kichwa cha mtoto. Weusi wote ukabaki kitambaani. Baba alikitazama kitambaa kwa muda mrefu, akauliza, "Upande wetu, nani aliye na nywele hizi?"

Nilimtazama babu. Alikuwa ameketi chini ya dirisha, jua limemwangukia ndevuni. Alizipitishia vidole vyake vyenye rangi, akanitazama mara moja, kisha akainamia tasbihi yake. Lilihitajika neno moja tu. Hakulisema, na mimi sikulisema.

"Wallahi, baba Salimu, mwana ni wako," alisema mama. Baba akainuka, akatoka.

Kabla ya magharibi mama alipanda tuktuk kwenda Tudor kwa kaka yake, Nadhifa mapajani na furushi la nguo miguuni. Mimi nilibaki, kwa kuwa mimi sikutiliwa shaka. "Usiache chuo cha Kurani, Salimu," aliniambia, akinifunga kifungo cha kanzu ambacho kilikuwa kimeshafungwa.

Babu aliugua baadaye. Alilala miezi miwili, hina haikununuliwa, na alipofariki baba ndiye aliyemwosha. Alitoka chumbani mikono ya kanzu imerowa, akaketi ngazini kando yangu.

"Hina ya babu yako, mara ya mwisho mliinunua lini?"

"Kabla hajaugua."

"Mbona ndevu ni nyekundu mpaka kwenye ngozi?"

Aliyeniapisha alikuwa amelala chumba cha pili, akingoja sanda. "Tulikuwa tukiimwaga, baba."

Hakunipiga. Alijifunika uso kwa mikono yake iliyorowa, na maji ya josho la maiti yakamtiririka hadi kwenye viwiko.

Tanga la babu lilipoondoka alinichukua tukaenda Tudor. Mama alitupokea mlangoni, Nadhifa kiunoni. Baba alieleza yote, kuhusu ndevu, hina, na jinsi alivyokosea. Mama alimsikiliza hadi mwisho.

"Nilikuapia kwa Mungu hukuniamini," alisema bila kupaza sauti. "Leo waniamini kwa ndevu za maiti? Mwana ni wako, njoo umuone utakapo. Mimi sirudi."

Kisha akanigeukia. "Nawe, Salimu, ulikuwa ukijua?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Mama alinipapasa utosini kwa muda, kama aliyekuwa akitafuta kitu, akaingia ndani kutupikia chai. Hajaniuliza tena hadi leo.

Miaka baadaye, katika somo la biolojia, mwalimu alitueleza kwamba umbile kama hilo huweza kujificha katika damu vizazi kwa vizazi, na kwa kawaida halijitokezi ila mtoto amelirithi kwa baba na kwa mama pia. Alisema katika nchi za baridi za kaskazini wenye nywele hizo ni wengi, na kwetu ni wa kuhesabika. Wenzangu waliandika. Mimi nilikaa na kalamu mkononi, nikiwaza kwamba mama naye alikuwa amebeba fungu lake la rangi ile bila kujua, na kwamba hapakuwahi kuwa na jini wala mgeni. Palikuwa na mzee mmoja aliyeogopa swali ambalo huenda mamake mwenyewe aliulizwa, na mtoto mmoja aliyemtii.

Simlaumu babu kama zamani. Nadhani alidhani anamsitiri mama yake aliye kaburini, asitambue kwamba anamfukuza wangu. Lakini nimesoma mashairi mengi ya kusifu kutunza siri, na sijaweza kutunga hata ubeti mmoja wa kuisifu yangu.

Nadhifa sasa ni msichana mkubwa. Tukipita Marikiti, wauzaji humwita, "Dada, hina nzuri hiyo! Umeinunua duka gani?" Yeye hucheka na kuwajibu, "Ya nyumbani." Hucheka kwa dhati, maana kwake ni mzaha tu. Mimi hujitia kuchagua maembe, nikiyageuza moja moja, mpaka waache kumuuliza.